Kazi ya uwanjani Saudia: anza na viatu na mkataba

Sasa mdogo wangu, umesema umeitiwa kazi ya kuelekeza mashabiki Kombe la Asia 2027 huko Saudia na unauliza siku inakuwaje. Mimi nilikuwa Doha 2022, Kombe la Dunia, na kitu hakuna mtu aliniambia ni miguu. Unasimama masaa kumi na mbili, basi inawarudisha saa tisa usiku, ukitoa viatu unapata soksi imeshikana na kisigino kwa damu. Enda Gikomba sasa hivi, chagua viatu laini, uvivae hapa Nairobi mpaka vizoee mguu. Na beba sweta, mechi zinaanza Januari na usiku wa Riyadh ni baridi kweli. Kupiga nyumbani ni rahisi, saa yao ni sawa na yetu.

Lakini mkataba ndio unanisumbua roho. Sisi tulikatwa kazi fainali imeisha tu na karatasi ilisema miezi imebaki, so angalia tarehe ya mwisho, hakikisha agenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, piga picha kila ukurasa utumie mama WhatsApp kabla hujafika uwanja wa ndege wa JKIA. Pasipoti usimwachie mtu, tafadhali.