Kabla ya kununua dawa ya nguvu za kiume, angalia asubuhi yako

Msomaji wa miaka 34 ameandika kuwa ana mikopo ya kausha damu, simu za wadai zinaanza alfajiri, na miezi sasa jogoo hapandi mtungi. Anauliza anunue dawa gani. Ndugu yangu, jibu hili kwanza: ukiamka, uume unakuwa umesimama?

Mwanamume mwenye afya husimamisha mara 3 hadi 5 usiku akiwa usingizini. Kama asubuhi unasimama imara lakini mbele ya mkeo unalala, mishipa inafanya kazi. Wa kushukiwa kwanza ni msongo wa mawazo. Kama hata asubuhi hakuna kitu kwa wiki kadhaa, nenda kapimwe. Asiyelala vizuri naye hukosa, kwa hiyo usijihukumu kwa siku mbili.

Uume husimama pale misuli laini iliyomo ndani yake inapolegea, damu ikaingia na kubanwa humo. Kulegea huko kunataka utulivu. Ukiwa na hofu, mwili humwaga homoni za adrenalini na noradrenalini, nazo hukaza misuli hiyohiyo. Iwe hofu ya mdai, ya bosi au ya kuaibika kitandani, matokeo ni yaleyale. Msongo ukikaa miezi, homoni ya msongo, kotisoli, huvuruga usingizi na inaweza kushusha testosteroni, homoni ya kiume, hamu ikapungua. Kisha mtu anaanza kujichunguza katikati ya tendo, "bado imesimama?", na kule kujichunguza kunazidisha hofu.

Dawa ya hofu hiyo ni kuondoa mtihani. Mweleze mkeo ukweli, maana ukinyamaza atadhani una mwingine. Kubalianeni wiki 2 bila kuingiliana. Jioni 2 au 3 kwa wiki, papasaneni dakika 20 hadi 30. Wiki ya kwanza msiguse sehemu za siri, ya pili mziguse, lakini hata ikisimama msiingiliane. Wengi huharibu hapa: ikisimama tu wanaharakisha, inalala, na hofu inarudi palepale.

Tembea haraka dakika 40, mara 4 kwa wiki, na usitegemee mabadiliko kabla ya miezi kadhaa. Lala kwa muda wa saa 7, simu ikiwa imezimwa. Acha sigara, inaharibu mishipa. Pombe ya kutoa woga inazidi kulegeza.

Vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, achana nalo kabisa! Hujui kilichomo, na unga wa namna hii umekutwa nchi nyingi ukiwa umechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume (Viagra). Sildenafil ikikutana na dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha hushuka ghafla na mtu anaweza kufa. Daktari akikuandikia sildenafil, imeze kama saa 1 kabla ya tendo. Chakula chenye mafuta mengi huichelewesha, na bila msisimko wa kimapenzi haifanyi kitu. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, kimbilia hospitali.

Hata ukiwa na uhakika ni msongo, pima presha, sukari kabla ya kula, kolesteroli, na testosteroni asubuhi kabla ya saa 5. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba, dalili huweza kutokea huku miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Mtajie daktari kila dawa unayotumia, hasa za presha na sonona, kwani baadhi yake hulegeza uume. Usiziache mwenyewe, omba abadilishe.