Kambare wa magogo wamepotea tangini? Hawajafa

Mkuu, umesema ulinunua wale kambare watatu wenye mabaka kama sega la nyuki, na wiki nzima hujamwona hata mmoja. Usimwage maji kwanza. Hao ni Tatia perugiae, kwao ni Amazoni ya juu, Ekwado na Peru, na mchana kutwa hujibana kwenye nyufa za miti iliyozama. Wangu mmoja nilishamhesabu marehemu, hadi siku nilipoinua gogo kulisugua nikaona ncha ya mkia imechungulia tunduni.

Zima taa, subiri kama saa moja, halafu mulika kwa tochi nyekundu. Utawakuta wanazunguka kama wendawazimu. Chakula watilie wakati huo huo, minyoo au vidonge vinavyozama. Ukilisha asubuhi, gapi (wale samaki wadogo wa rangi walio nao tangini) watamaliza kila kitu na hao watakonda kimyakimya. Gapi wakubwa hawana shida nao, ila vitoto vyao sikuhakikishii.

Kubwa zaidi: usiwavue kwa wavu! Miiba ya mapezi ya kifuani ina meno kama msumeno, hunasa kwenye nyuzi. Mimi niliishia kukata wavu mpya kwa mkasi, samaki ananitazama. Tumia kikombe, au toa gogo zima akiwa ndani.

Halafu usishangae ukikuta mayai hata kama umebakiwa na jike tu. Dume hurutubisha ndani ya mwili wa jike, naye hutaga baadaye kwa wakati wake.

Joto nyuzi 24 hadi 26 linawatosha. Gogo lina matundu mangapi?