Chumvi kwenye vitafunio vya pakiti

Unauliza kama krispi za kila siku na tambi za usiku wa kusoma zinakuzidishia chumvi, ilhali mezani huongezi hata chembe. Ndiyo, huenda zinazidisha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, na humo imo hata chumvi ya mkate, jibini na soseji.

Pakiti nyingi huandika sodiamu, yaani madini yaliyomo ndani ya chumvi, si chumvi yenyewe, na hapo wengi hupotea. Zidisha kwa 2.5: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Angalia pia kama namba ni ya gramu 100 au ya pakiti nzima. Watengenezaji hupenda vipimo vidogo kuliko mtu yeyote anavyokula.

Kwenye tambi, chumvi nyingi imo katika kile kipakiti cha viungo. Tia nusu, mchuzi uumwage. Krispi zibadilishe kwa karanga zisizotiwa chumvi au tunda, lakini punguza taratibu, kwani ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Na kunywa maji mengi baadaye hakufuti chumvi uliyokwisha kula.