Usiitafute chini: kwetu M83 iko karibu na utosi

Kwa misimu miwili, kila Mei, nilikuwa natoka nje hapa Iringa na darubini yangu ya mkononi ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake zina upana wa milimita 50), naitafuta galaksi ya M83, yaani kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana, na siioni. Darubini haikuwa na tatizo. Nilikuwa nafuata mwongozo ulioandikwa Ulaya, unaosema galaksi hiyo iko chini sana upande wa kusini, nami nikawa nakodolea vilele vya miti. Mwongozo ulisema kweli kwa mtu wa Paris, maana kwake haipandi zaidi ya nyuzi 11 hivi kutoka upeo wa macho. Kwetu inafika nyuzi 68! Hata Lacaille, Mfaransa aliyeigundua mwaka 1752, aliiona akiwa huku Afrika, Rasi ya Tumaini Jema.

Kwa hiyo pima kwa mkono wako. Nyoosha mkono, tanua kiganja: shubiri moja ni karibu nyuzi 20 za anga. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kati ya saa tatu na saa nne usiku, elekea kusini kisha inua uso mpaka utosini. Nyota nyeupe inayong'aa hapo ni Sumbula, ambayo ramani za kigeni huiandika Spica. Shuka shubiri moja, pungufu kidogo, halafu sogea kushoto upana wa vidole viwili. Ukitaka uhakika, shuka shubiri nyingine utakuta Omega Centauri, fungu la nyota linaloonekana kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu. M83 iko katikati ya hizo mbili.

Tandika mkeka ulale chali, la sivyo shingo itakukatisha tamaa kabla ya macho. Chagua usiku usio na mbalamwezi, simu ibaki ndani, ukae gizani dakika 20 kwanza. Kisha usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, ndipo inapojitokeza.

Utakachoona ni doa la kijivu, kama pumzi kwenye kioo. Usitegemee rangi za kwenye picha. Nuru hiyo imesafiri miaka milioni 15 hivi, na kwangu doa lile lilitosha kunifanya nikae nje hadi saa sita.

Baadaye niliitazama kwa darubini ya rafiki yangu, yenye kioo cha inchi 8. Kiini kilionekana kimerefuka, si duara. Hiyo ndiyo boriti yake: nyota zimejipanga mstari mnene katikati, na mikono inayojizungusha inaanzia kwenye ncha zake. Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe, nayo ina boriti ya namna hiyo, ila sisi tumo ndani na hatuwezi kuitazama kwa nje. Ukishaipata M83, ikae hapo kwenye kioo, usiharakie nyingine.