Maswali ya Studio: Mradi Ndani ya Mradi Katika REAPER

SWALI: Ndugu wahariri, narekodi kwaya ya kanisa hapa Dodoma kwa REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki. Wimbo mmoja umefika trak (njia za sauti) 64: sauti nne, kila sauti waimbaji sita waliorekodiwa mara mbili mbili, kisha ngoma, magitaa, besi na kinanda. Nimepanga kila kitu kwenye folda lakini kompyuta bado inakatakata sauti. Je, mradi mdogo ndani ya mradi mkuu utanisaidia?

JIBU: Utakusaidia, maana folda hupanga tu, haipunguzi kazi. Ukiikunja folda ya sauti ya kwanza, trak zake 12 hazionekani, lakini kila kompresa (kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti) na kila ikwalaiza (kifaa cha kurekebisha sauti nzito na nyembamba) iliyomo inaendelea kuila prosesa wimbo unapocheza. Mradi mdogo ni faili kamili ya REAPER yenye trak na plagini zake (programu ndogo za kurekebisha sauti, kama kompresa), ila kwenye mradi mkuu unaonekana kama kipande kimoja cha sauti. Mradi mkuu haupigi trak 48 za waimbaji. Unapiga miksi yao (sauti zote zikiwa zimechanganywa) iliyokwisha kutolewa, iliyo kwenye faili yenye mwisho .RPP-PROX, na faili hiyo huandikwa upya kila unapohifadhi mradi mdogo.

Kabla ya kugawa, hakikisha kundi hilo limefika mahali pa kusikika kama kitu kimoja. Waliochelewa kuingia wawe wamesogezwa, rekodi mbovu ziwe zimefutwa, na sauti nne ziwe zimelingana zenyewe kwa zenyewe. Kama bado unapandisha sauti ya tatu kila unaposikia kinanda, baki na folda kwanza, la sivyo utashinda ukifungua na kuhifadhi kwa kila desibeli moja. Na kama mzigo wote unatokana na plagini moja nzito, igandishe trak hiyo pekee kwa Freeze, amri inayoigeuza kwa muda kuwa sauti tupu isiyoila prosesa. Mradi mdogo hauhitajiki.

Ukiwa tayari, hifadhi mradi mkuu ndani ya folda yake kwenye diski. Chagua trak zote 48, bofya kulia kwenye majina yake, kisha chagua Move tracks to subproject. Ipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano "Wimbo03_Kwaya", na uiweke ndani ya folda hiyo hiyo. Trak 48 zitaondoka na nafasi yake itakaa trak moja yenye kipande kimoja. Ukikibofya mara mbili, mradi mdogo unafunguka kwenye kichupo kingine. Rekebisha, hifadhi, rudi.

Masta ya mradi mdogo (trak ya mwisho inayokusanya sauti zote) iache bila plagini, feda yake (kitelezi cha sauti) ikiwa 0, na vilele vya sauti viishie karibu na -6 dB. Miksi hutolewa kupitia masta hiyo. Ukiweka limita (kizuia vilele vya sauti) pale, halafu nyingine kwenye mradi mkuu, kwaya itabanwa mara mbili na zile sehemu za kuimba kwa sauti ya chini na kwa nguvu zitalingana zote. Kuhusu nafasi ya diski usihofu: stereo ya biti 24 kwa sampuli 48,000 kwa sekunde hula takriban MB 17 kwa dakika.

SWALI: Assalaam alaykum. Tumerekodi wimbo wa taarab wa dakika 14. Fidla, kodiani na ganuni za kibwagizo nimezihamishia kwenye mradi mdogo, na kipande chake nimekinakili mara tano. Rivabu (mwangwi) ya fidla inakatika ghafla kila kibwagizo kinapoisha. Pia kompresa iliyokuwa ikizishusha fidla mwimbaji anapoanza imeacha kufanya kazi. Niko Unguja.

JIBU: Waalaykum salaam. Hayo ni matatizo mawili yenye sababu mbili.

Ndani ya mradi mdogo kuna alama mbili, =START na =END. Kinachotolewa ni kilicho kati yake tu, na =END yako imekaa pale noti ya mwisho inapoishia. Kama rivabu inachukua sekunde 3 kufifia, sogeza =END sekunde 4 mbele na uhifadhi. Hapo kazi imefika nusu. Kipande kwenye mradi mkuu bado kina urefu wa zamani, kwa hiyo vuta ukingo wake wa kulia, nakala zote tano. Ukivuta kupita mwisho wa sauti, mwanzo wa kibwagizo utaanza kulia tena. Bonyeza F2 juu ya kipande na uondoe tiki ya Loop source.

Kompresa imenyamaza kwa sababu njia ya kupeleka sauti haivuki kutoka mradi mmoja kwenda mwingine. Mwimbaji amebaki kwenye mradi mkuu, fidla zimehama, na uzi umekatika wakati wa kuhama. Usijaribu kumrudisha mwimbaji ndani. Itoe kompresa kwenye mradi mdogo, iweke kwenye trak ya mradi mkuu iliyobeba kipande, ipe trak hiyo chaneli 4, kisha peleka sauti ya mwimbaji kwenye chaneli 3/4. Kwenye ReaComp, kompresa ya REAPER, chagua Auxiliary Input L+R kuwa kisikilizi, yaani sauti inayoiongoza kompresa. Kifaa chochote kinachotegemea sauti ya trak nyingine kikae ngazi ambayo trak zote mbili zinaonana.

Na kumbuka nakala zako tano zinasoma faili moja. Ukibadilisha noti ya ganuni, inabadilika kote, na hiyo ndiyo faida kubwa ya mpango huu kwa nyimbo zenye kibwagizo kinachorudi. Kama kibwagizo cha mwisho kina madoido yake, hifadhi mradi mdogo kwa jina jipya, kisha buruta faili hiyo ya .RPP (faili ya mradi wa REAPER) mahali pa nakala ya tano.

SWALI: Nimebadilisha tempo (mapigo kwa dakika) kutoka 96 hadi 100 baada ya kugawa, sasa ngoma zinasikika kama zimechanika. Kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kila mradi una tempo yake. Uliyobadilisha ni ya mradi mkuu. Mradi mdogo bado uko 96. Ili kipande kikae kwenye baa zake, programu imeikandamiza sauti iliyokwisha kutolewa ili icheze haraka zaidi, na ngoma ndizo huonyesha uharibifu wa kukandamizwa kwanza, kwenye mpigo wenyewe. Pengo si dogo: baa 64 za mapigo manne kwa tempo 96 ni sekunde 160, kwa 100 ni sekunde 153.6.

Badilisha tempo ndani ya mradi mdogo, hakikisha =END imebaki mahali pake, hifadhi. Kisha bonyeza F2 kwenye kipande na urudishe Playback rate iwe 1.0. Usiporudisha, ngoma zitakimbia mara mbili: mara ndani, mara nje. Lakini hii ni kwa ngoma za MIDI, yaani noti zinazopigwa na kompyuta yenyewe. Ngoma zilizopigwa na mtu mbele ya maiki hazina njia safi ya kubadilishwa tempo, kwa hiyo tempo ifungwe kabla ya kurekodi.

SWALI: Nilihamishia kazi yote kwenye kompyuta ya prodyuza mwenzangu. Ilicheza vizuri. Alipofungua mradi mdogo na kuhifadhi, waimbaji wote wakapotea hata kwenye mradi mkuu! (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Pole sana. Ulichosikia mwanzoni kilikuwa faili ya .RPP-PROX, miksi ya zamani uliyoinakili pamoja na mradi. Rekodi zenyewe za waimbaji hazikuhama, labda zilikuwa kwenye diski nyingine. Mradi mdogo ulipofunguliwa haukuzipata, na alipohifadhi, ukimya ukaandikwa juu ya miksi nzuri. Kama kompyuta yako ya kwanza bado ina kila kitu, nakili .RPP, .RPP-PROX na folda ya rekodi upya kutoka huko.

Kabla ya kuhama, fungua kila mradi mdogo, chagua Save project as, na utie tiki kwenye Copy all media into project directory. Fanya hivyo kuanzia ngazi ya chini kwenda juu, na faili zote ziwe chini ya folda moja ya wimbo. Kisha badilisha kwa muda jina la folda ya zamani na uifungue nakala pamoja na kila mradi mdogo. Programu ikiuliza faili iko wapi, bado hujamaliza, na usihifadhi chochote mpaka imepatikana.

SWALI: Natumia Ableton Live, programu nyingine ya muziki. Nayo ina mradi ndani ya mradi? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Si kwa namna hii. Tangu Live 10 unaweza kuweka kundi la trak ndani ya kundi jingine, lakini hiyo ni sawa na folda. Ukiburuta Set (mradi wa Live) nyingine kutoka kwenye brauza, trak zake huingia kama nakala. Ukirekebisha ile ya asili, hizi hazibadiliki. Kupunguza mzigo, gandisha trak nzito kwa Freeze.