Unaoa Lexington? Tazama ratiba ya Wildcats kabla ya kulipia ukumbi

Kila ninapoitwa kwenye kikao cha kwanza cha harusi hapa Lexington, Kentucky, nauliza jambo moja kabla ya bajeti na idadi ya wageni: Jumamosi hiyo Wildcats, timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, wanacheza wapi? Wazee hushangaa. Mzee mmoja aliyefika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mpira wa wanafunzi unatuhusu nini sisi?"

Unatuhusu sana, baba. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Kroger Field, unachukua watu wapatao 61,000, katika mji wenye wakazi laki tatu na kitu. Timu ikicheza nyumbani, mashabiki wanashuka kutoka kila kaunti ya jimbo, wengine tangu Ijumaa. Bei ya chumba cha hoteli inapanda mara mbili au zaidi, na hoteli nyingine hazikubali ulale usiku mmoja. Ulipie mbili au utafute kwingine. Mechi za nyumbani huwa kama saba kwa msimu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Novemba, karibu zote Jumamosi. Siku ileile tunayoitaka sisi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi moja ya Oktoba. Tarehe ilichaguliwa kwa sababu nzuri kabisa: hali ya hewa. Oktoba hapa ni mwezi mtamu, joto limepungua na miti imegeuka rangi. Lakini utamu huo kila mtu anaujua. Mbali na futiboli, Oktoba ndio mwezi wa mbio za farasi kwenye uwanja wa Keeneland, ambazo huwapo pia Aprili, na wapenzi wa farasi huja kutoka nchi nzima. Wajomba wa bibi harusi waliotoka Iowa na Texas walilala Georgetown na Winchester, miji ya jirani. Wengine walipelekwa Richmond, na huko nako kuna chuo kingine, Eastern Kentucky, chenye mechi zake. Kwaya ilikwama kwenye foleni ya Nicholasville Road, barabara inayopita karibu na uwanja, na ibada ikasubiri huku mchungaji akiwa na ahadi nyingine jioni. Harusi ilifungwa, tukacheza, tukala. Ila mama wa bibi harusi hakukaa chini siku nzima kwa kupokea simu za watu waliopotea njia, na hilo liliniuma, maana alikuwa ameisubiri siku ile miaka mingi.

Liko jambo jingine ambalo kamati nyingi hulisahau, na kwangu ndilo kubwa kuliko foleni. Wanaotandika vitanda kwenye hoteli hizo ni dada zetu. Wanaopika, wanaosafisha uwanja baada ya mechi, wanaoelekeza magari, wengi ni watu wa jamii yetu. Mji ukijaa, msimamizi hatoi ruhusa. Kwa hiyo unaweka harusi siku ambayo shangazi, mpambe na nusu ya kwaya wako zamu. Kuanzia Novemba maghala ya vifurushi nayo huingia msimu wa Krismasi, saa za ziada zinakuwa za lazima, na anayekosa zamu anahatarisha kazi. Tusiwaweke ndugu zetu mahali pa kuchagua kati ya mkate na ndoa ya mtoto wao.

Tarehe za mechi hutangazwa miezi mingi kabla, hivyo hakuna sababu ya kubahatisha. Kinachochelewa ni saa. Televisheni ndiyo inayopanga, na mechi nyingine saa yake haijulikani mpaka siku 12 kabla, au hata 6. Inaweza kuwa saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, au saa moja na nusu usiku. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "Tutafunga ndoa asubuhi, mechi ni usiku." Kadi zimeshachapishwa, halafu mechi inahamia mchana.

Ushauri wangu: chagua kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Julai. Shule zimefungwa (za Kanada hufungwa mwishoni mwa Juni), kwa hiyo ndugu wa Texas au Kanada wanaweza kuja na watoto. Joto lipo, lakini kumbi zina viyoyozi, na mwezi wa Juni jua la Lexington huzama karibu saa tatu usiku. Picha za nje zipigwe saa moja na nusu jioni, wakati joto limetulia na mwanga bado upo. Kumbi za Juni hushikwa mapema, hivyo weka amana mwaka mmoja kabla ukiweza.

Mei iangalie kwa makini. Mwanzoni mwa mwezi wanachuo wanahitimu, na Jumamosi ya kwanza ni Kentucky Derby kule Louisville, ambayo wageni wake hufurika hadi kwetu. Wikiendi ya mwisho ya Mei, yenye Jumatatu ya mapumziko, inafaa sana. Katikati ya Agosti maelfu ya wanafunzi wanarudi mabwenini pamoja na wazazi wao, kwa hiyo ipishe. Machi nayo ina mashindano ya mpira wa kikapu ya shule za sekondari za jimbo pale Rupp Arena, katikati ya mji.

Kama bibi harusi moyo wake uko kwenye vuli, asinyimwe. Tafuta Jumamosi ambayo Wildcats wako ugenini na Keeneland imeshafunga. Mara nyingi utaipata mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Hakikisha tu kwamba mwaka huo mashindano makubwa ya farasi ya Breeders' Cup hayafanyiki Keeneland, kama ilivyokuwa 2015, 2020 na 2022. Jumapili alasiri baada ya ibada pia ni nzuri, ila wageni wa mbali wana kazi Jumatatu.

Mahari haina haja ya kufuata haya yote. Ni kikao cha nyumbani, wageni ni wachache, kifanyike hata Januari.

Tarehe ikishapatikana, piga simu hotelini siku hiyohiyo, uombe watenge vyumba kwa jina la harusi. Uliza mambo mawili: vyumba visivyochukuliwa, nani atavilipia? Na mwisho wa kuvirudisha ni lini? Zipo hoteli zinazotenga vyumba vichache bila kukudai chochote, na zipo zinazokutaka usaini mkataba wa kulipia vitakavyobaki wazi. Ukishindwa kuuelewa mkataba, mpe kijana aliyesoma hapa ausome kabla hujaweka sahihi.

Cheti cha ruhusa ya ndoa cha Kentucky kinadumu siku 30 tu, na bwana na bibi harusi huenda wote wawili kwa karani wa kaunti. Waende wiki mbili kabla ya harusi, siku ya kazi, na vitambulisho vyao mkononi.