Kabla Hujaichonga Slaidi ya Mtu

Wadogo zangu mnaoanza hapa karakana, najua mmeshaona picha za slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele, zilizotobolewa madirisha na kupakwa rangi ya dhahabu, na mikono inawawasha. Subirini kidogo. Bastola ya mashindano ikigoma, mwenyewe anapoteza pointi. Tunazoletewa sisi nyingi ni za watu wanaozivaa kiunoni kutwa, chini ya shati, kwenye joto la Houston. Hizo zikigoma ni habari nyingine.

Mimi nilianzia mtaa wa Gerezani, Dar, jiliwa na tupa, nikichonga vipuri vya mashine za kusaga unga. Mzee aliyenifundisha hakugusa tupa kabla hajapima, na akishapima alipima tena. Sasa nina mashine ya kompyuta inayochonga kwa sehemu ya elfu ya inchi, na tabia ya yule mzee ndiyo inayoniokoa mpaka leo.

Kwanza mjue kinachoingia mlangoni. Kwa bastola kama Glock, sheria ya hapa Marekani inaihesabu fremu, yaani ule mwili wa chini wenye mshikio, ndiyo silaha, kwa hiyo wateja wengi hututumia slaidi peke yake, na bastola iliyobaki inakaa kwao. Akija mtu na bastola nzima, usiipokee wewe. Mwite mwenye leseni, kuna daftari lake. Na hata ukiambiwa haina kitu, toa magazini, lile kasha la risasi, kwanza, ndipo uvute slaidi, utazame chemba inamokaa risasi, utie kidole. Ukianza kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Na ndugu zako wa Mombasa au Arusha wakikuomba uwapelekee slaidi, kataa. Kununuliwa hapa kama kipuri hakukupi ruhusa ya kuitia kwenye begi la safari. Kuna vibali vya kuitoa huku na vya kuiingiza kule.

Kazi kubwa siku hizi ni kuchonga kitanda, yaani shimo juu ya slaidi la kukalia kioo cha kulengea chenye doti nyekundu. Glock walianza kuuza bastola zilizochongwa tayari mwaka 2015, zile za MOS, lakini wenye bastola za zamani bado wanatuletea. Hapa ndipo utakapojulikana kama wewe ni fundi. Kioo kikae kwenye kitanda kwa kubana, mbele na nyuma, hata kabla hujatia skrubu. Slaidi inarudi nyuma kwa kishindo kila risasi ikitoka, na kishindo hicho kinatakiwa kupokewa na kuta za kitanda. Skrubu kazi yake ni kukishikilia kioo chini tu. Ukiacha nafasi, skrubu ndizo zitakazopigwa, na zitakatika. Pima slaidi iliyo mbele yako, usiamini namba za ile ya jana. Na ukumbuke rangi nayo ina unene.

Sasa niwaambie kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilimaliza Glock 19 moja, nzuri kuitazama. Mteja akarudi siku ya tatu: maganda hayatoki vizuri, mengine yanakwama. Nikabadilisha springi, nikasafisha, nikalaumu risasi zake. Wapi. Mwishowe nikafungua skrubu ya kulia ya kioo, nikasukuma kwa kidole ile ndoano inayovuta ganda, ikacheza. Nikairudisha skrubu, ndoano ikagoma. Chini ya tundu lile, upande wa kulia, ndimo inamopita fimbo ndogo inayoisukuma ndoano. Skrubu yangu ilikuwa imezidi urefu kidogo sana, ikawa inaikandamiza fimbo. Tangu hapo, kila nikikaza skrubu nasukuma ndoano kwa ukucha. Sekunde mbili. Halafu nyuzi zisafishwe kwa asetoni, gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee tone moja, ukaze kwa spana ya kipimo kwa namba ya mtengeneza kioo, na uchore mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kioo ili mwenyewe aone ikilegea.

Meno ya kushikia kule mbele ni kazi nyepesi, sina mengi. Yasiwe makali ya kuchana ngozi, na mjaribu kwenye ala ya mteja kama inaingia bila kukwaruza.

Ukishachonga, umeondoa ile ngozi ngumu ya kiwandani inayozuia kutu. Chuma kitupu na jasho la kiuno havikai pamoja, kwa hiyo rangi si urembo. Cerakote tunayotumia inaokwa kama nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili. Toeni kila cha plastiki kabla ya kuingiza ovenini, hata kile kimrija kilichofichika ndani ya njia ya pini ya kugonga. Wengi hukisahau kwa sababu hakionekani mpaka utazame kwa tochi.

Madirisha ndiyo yanayonigombanisha na vijana. Uzito wa slaidi si chuma cha ziada. Uzito huo na springi vinafanya kazi pamoja: ukipunguza uzito, slaidi inakwenda nyuma kwa kasi zaidi, na ikirudi mbele ina nguvu kidogo ya kusukuma risasi ndani kama kuna uchafu au mkono umelegea. Magazini nayo lazima iwahi kuinua risasi inayofuata. Mtu wa mashindano atabadilisha springi na kuchagua risasi mpaka vikubaliane. Mwenye kuvaa bastola atatia risasi aliyoikuta dukani. Mimi mteja wa hivyo namwambia wazi, na akisisitiza namtaka aijaribu kwa risasi zake za kujilindia, kisha kwa zile nyepesi za mazoezi, kisha kwa mkono mmoja dhaifu.

Mmoja alisisitiza, akachongewa kwingine. Baada ya miezi michache alituletea slaidi ile tuisafishe. Nilichomoa kwa kibano, kupitia dirisha la juu, vumbi la pamba la rangi ya shati lake la kazini, limeshikana na mafuta likawa kama utambi wa kibatari. Akaniuliza kama tunauza slaidi isiyotobolewa.